Mbachao na Msala Upitao

Wahenga walilonga kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliopoteza rangi na kuchakaa pembeni kwa kukaliwa miaka nenda miaka rudi. Msala ni ule mpya unaopita mikononi mwa mwenyewe, unaong'aa na kumfanya mpita njia autamani. Wanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kuwa siri ya methali hii imo katika silabi yake moja: si mbacha tu, bali mbachao, yaani mbacha wako wewe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayemwacha mwenza wake wa tangu ujana, au anayeidharau kazi inayomlisha. Ni nadra kusikika ikielekezwa kwa mtu aliyeshika kamera. Hata hivyo, huenda hakuna mtu anayejaribiwa na msala upitao mara nyingi kuliko mpiga picha.

Alikuwako mwanafunzi wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye aliifahamu methali hii tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuieleza katika mtihani na akapata alama zote. Kuielewa, lakini, kulimchukua hadi mwaka wa 2019.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2018 alikuwa akirudi nyumbani kutoka Nairobi kwa likizo, na mkobani mwake mlikuwa na kamera ya kuazima. Mwenzake wa chumba kimoja bwenini alikuwa ameinunua ikiwa imekwisha kutumika, naye akamkabidhi kwa sharti kwamba isiguswe na maji ya chumvi. Garimoshi lilipokuwa likikata mbuga ya Tsavo, kijana huyu hakuyabandua macho yake dirishani, akiwasaka tembo. Aliwaona watatu kwa mbali, wekundu kwa vumbi, akawapiga picha kumi na tisa. Abiria waliokuwa wameketi mkabala naye, mama na mtoto waliokuwa wakigawana chungwa moja, hakuwapiga hata moja. Haikumpitikia akilini kwamba nao walikuwa picha.

Hakuwa na lawama peke yake. Alikuwa amesoma habari za wapiga picha mashuhuri, akiwemo Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka wa 1984 ziliamsha dhamiri ya ulimwengu. Katika masomo hayo kijana alitoa funzo ambalo hakufunzwa na yeyote, kwamba picha nzuri huishi mbali: penye vita, penye baa, penye theluji au penye simba. Nyumbani ni mahali pa kupumzikia. Nyumbani kuna nini cha kutazamwa?

Maadam kamera alikuwa nayo na likizo ilikuwa ndefu, aliamua kutumia alichokipata. Aliandaa orodha ya vivutio vya Mombasa, kwa utaratibu uleule ambao mgeni angeufuata. Siku ya kwanza alikwenda barabara ya Moi kuzipiga picha zile Pembe nne zinazopita juu ya magari na kuunda umbo la herufi M, zilizosimamishwa enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950, kwa heshima ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza. Siku ya pili ilikuwa zamu ya Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na ambayo mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Siku ya tatu alikwenda ukingoni mwa bahari kwenye mibuyu mikongwe. Njiani aliinua kamera mbele ya lango moja asilolijua vyema, na mlinzi akamjia mbio akimwamuru aifute picha ile mbele ya macho yake. Akaifuta, akaenda zake, moyoni akijiambia kwamba hata mji wenyewe haukutaka kupigwa picha.

Usiku wa siku ya tatu aliziangalia kazi zake katika tarakilishi. Zilikuwa safi. Pembe zilikuwa pembe na ngome ilikuwa ngome. Tatizo ni kwamba alikuwa amekwisha kuziona zote: katika postikadi, katika kalenda za benki, katika vitabu vya jiografia na kwenye kuta za hoteli. Zingalikuwa zimepigwa na mtu aliyeteremka garimoshini asubuhi ile na kuondoka jioni, zisingalitofautiana hata chembe. Alikuwa amezaliwa mita chache kutoka ngome ile, lakini hapakuwa na picha hata moja iliyosema hivyo.

Bibi yake, mamake babake, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa katika kichochoro ambamo watu wawili wakipishana sharti mmoja ageuke upande, na mlango wake ulikuwa wa nakshi, wa mbao ya msaji, wenye maua yaliyochongwa kutoka juu hadi chini. Watalii walipopita na viongozi wao walisimama hapo, wakanong'onezana, wakapiga picha. Nje palikuwa na baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa. Hapo ndipo alipokaa bibi kila siku kuanzia alasiri, akipepeta mchele katika ungo au akishona, akijibu maamkizi ya kila apitaye na kuuliza hali ya mgonjwa wa nyumba hii na mtihani wa mtoto wa nyumba ile. Aliyetaka kujua yaliyotukia Kibokoni siku hiyo hakuwa na haja ya gazeti.

Jioni ya siku ya nne mwangaza uliingia kichochoroni kwa upande, ukaugusa mlango, na kila ua la nakshi likapata kivuli chake. Kijana akaona kwamba angalau hapa pana picha. Akachomoka na kamera.

"Bibi, hebu sogea kidogo nipige picha ya mlango."

Bibi akainua uso. "Mlango huu umeuona leo, mwanangu?"

"Nataka utoke peke yake, bibi. Watu huharibu picha."

Bibi akacheka hadi ungo ukatikisika. Alijizoazoa polepole, akakusanya mchele wake, akaingia ndani. "Haya," alisema akiwa ukumbini, "ukishamalizana na mlango, niite."

Kijana alipiga picha saba. Kisha mwangaza ukaondoka, akazima kamera, akatoka kwenda kuwatafuta wenzake. Hakumwita.

Jioni nyingine, alipokuwa akisafisha lenzi kwa kipande cha kitambaa, bibi alimsimulia kuhusu Ngome. Katika utoto wake, alisema, Ngome haikuwa mahali pa kutalii, ilikuwa gereza. Mama yake akimtuma dukani alimwonya asisimame penye ukuta ule wala asiwatazame wafungwa, na yeye alikuwa akipita mbio huku ameshikilia leso yake kwa meno. Ni kweli: serikali ya kikoloni iliigeuza ngome ile kuwa gereza mwaka wa 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka wa 1960. Kijana aliitikia "naam, bibi" mara tatu au nne. Doa dogo kwenye lenzi lilikuwa limekataa kutoka, na akili yake yote ilikuwa hapo.

Mwezi wa Februari mwaka wa 2019 bibi aliugua siku nne, ya tano akaaga dunia. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo ada. Mjukuu aliwasili usiku, akakuta mikeka imetandazwa na wazee wakinywa kahawa kimya. Shangazi yake, ambaye aliolewa Maskat na kuishi huko miaka mingi, hakuweza kuwahi mazishi ya mamake. Usiku wa manane ujumbe wake uliingia katika rununu ya kijana: "Nitumie picha ya mama. Yoyote, lakini bora awe amekaa pale pake."

Akaifungua tarakilishi. Mlikuwa na picha mia nne na kumi na mbili za likizo ile. Alianza mwanzo, akaenda mmoja mmoja na tembo wa Tsavo, akazipita Pembe asubuhi, Pembe adhuhuri na Pembe jioni, akaizunguka Ngome pande zake zote, akaihesabu mibuyu. Bibi hakuwamo. Akatafuta nyumbani, akapata kitambulisho chake. Picha ya kitambulisho ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama ukucha, na uso uliokuwa hapo ulikuwa umekazwa kwa amri ya mtu aliyekuwa nyuma ya mashine. Bibi hakuwahi kuukaza uso wake vile maishani mwake. Kuituma ile kungalikuwa kumtumia shangazi mtu mwingine.

Akarudi kwenye picha za mlango, na katika ya tano akasimama. Nakshi ilikuwa imetoka barabara, kila ua na kivuli chake. Baraza ilikuwa tupu. Lakini chini ya baraza, upande wa kushoto, palikuwa na jozi ya makubadhi yaliyochakaa visigino, moja limelala ubavu, kama yaachwavyo na mtu aliyeingia ndani kwa haraka ili asimcheleweshe mwingine. Huko Nairobi, mwezi wa Septemba, alikuwa ameyaona makubadhi yale na kuyahesabu kuwa dosari. Alinuia kuyakata, akapitiwa.

Akaituma ile. Jibu lilikawia. Lilipokuja lilikuwa la maneno machache: "Makubadhi yake. Naona kama ameingia ndani mara moja tu."

Baada ya hitima kijana aliomba ruhusa chuoni, akabaki Mombasa wiki mbili zaidi. Kamera ile hakuwa nayo tena. Alikuwa na rununu tu, ambayo lenzi yake ilikuwa na mkwaruzo. Alianza kutembea asubuhi na jioni katika vichochoro ambavyo miguu yake ilivijua hata gizani, bila orodha. Hakuwa akitafuta picha nzuri. Alikuwa akijiuliza ni nini kingine ambacho kilikuwa kimeambiwa kisogee.

Jambo la kwanza aliloligundua lilihusu saa. Mombasa iko kusini kidogo mwa Ikweta, na jua lake hupanda wima kwa haraka. Kufikia saa tano asubuhi limekwisha kuwa la utosi: vivuli hujificha chini ya vitu, nyuso huwa na mashimo meusi mahali pa macho, na kuta nyeupe huunguza picha. Mwangaza mwema ni ule wa mapema na ule wa mwisho. Vitabu vya upigaji picha huueleza ukweli huu kwa kurasa kadhaa, lakini msemaji wa Kiswahili amezaliwa nao kinywani. Saa ya Waswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hivyo mtu akisema saa moja asubuhi amesema pia kwamba mwangaza una umri wa saa moja. Siku yenyewe imekatwa vipande kwa nuru: alfajiri, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo, magharibi. Aliyeyasikia maneno haya tangu utotoni amekwisha kukabidhiwa ratiba ya mpiga picha. Lililobaki ni kuamka.

Jambo la pili lilikuwa maamkizi. Zamani aliinua kamera kwanza na kusalimu baadaye, au asisalimu kabisa. Sasa alipomfikia muuza kahawa anayezunguka na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili wateja wamsikie, alitoa salamu, akaketi, akanywa kahawa tungu kikombe cha kwanza na cha pili, akauliza mkaa unapanda bei kiasi gani. Siku ya kwanza hakupiga picha. Siku ya pili muuza kahawa mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Wewe ndiye mjukuu wa marehemu? Alikuwa akinidai salamu kila jioni." Siku ya tatu alimpiga picha akimimina, mvuke ukipanda mbele ya uso wake, na mzee wa watu hakuwa na habari na rununu tena kwa kuwa alikuwa katikati ya kisa.

Waswahili husema macho hayana pazia, na ni kweli. Atazamaye hawezi kuzuiwa. Lakini kamera si jicho. Jicho huona likasahau, ilhali kamera huchukua ikaenda nacho. Labda ndiyo sababu Kiswahili hakisemi kuchukua picha kwanza, bali kupiga picha, na anayepiga kitu hana budi kukijongea. Mpiga ngoma hupiga iliyo mbele yake. Mpiga hodi husimama mlangoni, akangoja aitikiwe. Kijana aliona kwamba katika vitenzi vyote vya kupiga, hodi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kazi aliyotaka kuifanya.

Si kila hodi iliitikiwa. Ajuza mmoja, jirani na rafiki wa bibi tangu usichana, alikuwa akikuna nazi uani, amekaa juu ya mbuzi, mwanga wa alasiri ukiyaangukia machicha meupe na mikono yake. Ilikuwa picha ambayo kijana angeiota. Alipoomba ruhusa, ajuza alitikisa kichwa. "Hivi nilivyo, na leso ya jikoni? Hapana, mjukuu wangu. Njoo kesho nikishajitayarisha." Kesho yake alimkuta barazani amevaa buibui lake la kutokea, wanja machoni, mikono juu ya magoti, ametulia kama anayesubiri kuapishwa. Kijana alijikaza asionyeshe kwamba amevunjika moyo, akampiga picha.

Ni baadaye alipotambua kuwa ajuza yule alikuwa akifuata desturi yenye mizizi. Katikati ya karne ya ishirini wakazi wa Mombasa walikwenda katika studio kama ile ya Parekh wakiwa wamevaa walicho nacho bora, wakasimama namna walivyotaka kukumbukwa. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyao vya mbao vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu ya miji ya mbali, na abiria waliposhuka feri waliingia humo, wakapigwa picha wakiwa safarini bila kusafiri. Kinaya ni kwamba hatua chache nje ya kibanda palikuwa na bahari ya kweli na meli za kweli zikiingia Kilindini. Yamkini watu walitaka pazia kwa sababu bahari waliivuka kila siku kwenda kazini. Haikuwa na heshima ya kuwekwa nyuma ya mtu.

Kinaya hicho kilimfikirisha kijana kwa muda mrefu. Je, ni haki ya nani kuamua kwamba mwenye leso ya jikoni anapendeza zaidi kuliko mwenye buibui la kutokea? Mpiga picha hupenda ya kila siku kwa sababu yanamgusa. Anayepigwa huenda akaona kwamba ya kila siku yanatosha kuwa ya kila siku. Hatimaye alipata suluhisho lililokuwa la kiungwana zaidi kuliko la kisanaa. Alimpelekea ajuza picha ya buibui, ikiwa imesafishwa katika karatasi nzuri. Ajuza aliitazama, akaitia chini ya mto, akasema, "Sasa njoo jikoni kama unataka hayo yako." Picha ya mbuzi na machicha aliipata hapo, siku kumi baada ya kuiona.

Kwa hatua hizo ndogondogo mji ulianza kumfungukia. Kibao cha barabara chenye maneno Ndia Kuu, ambacho alikipita tangu akiwa na miaka mitano, kilimsimamisha asubuhi moja. Hapo juu ya ukuta, kwa herufi kubwa, palikuwa na somo zima la lahaja: Kimvita kinasema ndia pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema njia, na baraza la mji limekiandika bila kuomba radhi. Alikuwa amekariri kanuni hiyo darasani huko Nairobi kutoka kwenye jedwali. Alipiga picha ya kibao kile hamali akipita chini yake na mkokoteni wa mitungi ya maji. Huko Marikiti, soko ambalo utotoni alilichukia kwa harufu yake, alitumia asubuhi nzima mbele ya meza moja ya viungo, akitazama namna muuzaji anavyotenganisha iliki kwa vidole bila kuangalia.

Hata vile vivutio vya kwenye orodha ya kwanza alivirudia. Funzo si kwamba Ngome haistahili kupigwa picha. Alama za mji ni mali ya wenyeji kabla ya kuwa mali ya wageni, lakini mwenyeji akienda kuzitazama huazima macho ya mgeni, akasimama pale mgeni asimamapo. Safari hii kijana hakwenda langoni. Alikwenda upande ambao njia ya kutoka Kibokoni hupita karibu na ukuta, kwenye jiwe la matumbawe lililoliwa na chumvi, na akasubiri. Alikuwa na jambo moja akilini: msichana anayetumwa dukani, anayepita mbio huku ameshika leso kwa meno. Alikuja siku mbili mfululizo. Siku ya pili, muda mfupi kabla ya magharibi, walipita watoto watatu wenye mikoba ya madrasa, wakaburuta vidole vyao ukutani kwa furaha, ukuta ambao ajuza wa kizazi cha bibi yao alikatazwa kuutazama. Picha ilitoka na ukungu kidogo kwa ule mkwaruzo wa lenzi. Mtalii hangalikuwa na sababu ya kuipiga, na mtu asiyesikia kisa cha bibi hangalijua kinachoonekana humo. Aliyekisikia kisa hicho nusunusu, akisafisha lenzi, alijua, na alijuta kwamba hakuuliza zaidi: duka lilikuwa lipi, leso ilikuwa na jina gani, na kama aliwahi kumtazama mfungwa hata mmoja.

Yapo mambo mengine ambayo hakuyauliza. Aliporudi chuoni, katika kitabu cha maktaba, alijifunza kuwa nguzo ya katikati ya mlango wa Kiswahili, ile inayofunika penye kukutania mbao mbili, huitwa mfaa. Bibi alikuwa akiupangusa mfaa ule kila Ijumaa kwa kitambaa kilichochovywa mafuta. Bila shaka alilijua jina hilo, na majina ya vipande vingine ambavyo kitabu hakikuvitaja. Mjukuu wake, msomi wa Kiswahili, alipiga picha saba za mlango akiwa amemwingiza ndani mtu aliyekuwa na msamiati wake.

Hapa ndipo habari ya kamera inapowahusu hata wale ambao hawajawahi kuishika. Kila mwaka, katika idara za Kiswahili, wanafunzi hukuna vichwa wakitafuta mada ya insha na tasnifu, na macho yao huelekea mbali, kwenye nadharia za ng'ambo na vitabu ambavyo vimekwisha kuhakikiwa mara ishirini. Huku nyumbani mama anaita sehemu za mtumbwi, namna za mapishi, aina za ususi na hatua za arusi kwa majina ambayo kamusi haina. Mada imekaa barazani ikipepeta mchele. Mtafiti anaiambia isogee kidogo, ipate kuonekana ile ya nyuma. Nayo, kwa adabu, inasogea.

Tatizo la vitu vya kila siku si kwamba havionekani. Vinaonekana mno, na kwa kuwa vitakuwako kesho, vinaweza kungoja. Hakuna anayeambiwa siku ambayo kesho hiyo itakwisha. Tembo wa Tsavo wamekwisha kupigwa picha na maelfu, na yule asiyewapata leo atawapata katika kitabu cha mwingine. Bibi wa Kibokoni, katika saa zake na baraza lake, alikuwa na mpiga picha mmoja tu duniani aliyeweza kumpata, na huyo alikuwa ndani ya nyumba.

Picha ya mlango iliwekwa kwenye fremu na kutundikwa ukumbini, shangazi akaja kuiona alipofika Mombasa mwaka uliofuata. Wageni wanaoingia huisifu nakshi. Huulizia fundi, huulizia umri wa mbao, na wengine hutaka kujua kwa nini mpiga picha hakuyaondoa makubadhi yale kwanza. Watu wa nyumba hiyo huwakaribisha chai. Nje, barazani, mjukuu anapokuwa likizoni hukaa alasiri, na anapomwona mtu akiinua kamera kuelekea mlangoni, akimpungia mkono asogee, hutabasamu, wala hasogei.